Njia za Mji: Kwa Nini Watu Hupita Huku, na Kule Hawapiti

Katika wilaya nyingi za nchi hii kuna soko la namna moja. Limejengwa kwa mawe, limeezekwa kwa mabati, lina meza za saruji, bomba la maji na choo, nalo halina watu. Wauzaji walipewa meza zao kwa karatasi, wakakaa juma moja au mawili, kisha wakabeba vikapu vyao wakarudi kuketi chini kando ya barabara kuu, katika vumbi lile lile walimokuwa wakifukuzwa na askari. Wakubwa husema kwamba watu hawa hawapendi maendeleo. Wauzaji nao wana jibu fupi zaidi: "Huko hakupiti mtu."

Jibu hilo lastahili kufikiriwa zaidi kuliko linavyofikiriwa. Mama auzaye nyanya hawezi kungoja mteja afunge safari kwa ajili yake. Yeye humwuzia mtu apitaye akienda kwingine, ambaye ameziona nyanya akakumbuka kwamba nyumbani hakuna. Soko likiwa hatua mia mbili kutoka njiani, hata kama meza zake ni za marumaru, nyanya zitaoza. Fedha za kodi zimekwisha kutumika, na mama yule amebakiwa na mambo mawili tu ya kuchagua: kutozwa faini barabarani, au kurudi nyumbani na kikapu kilichojaa.

Je, yawezekana kujua kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kwa kuitazama ramani, wapi watu watapita na wapi hawatapita? Wako wataalamu wasemao kwamba yawezekana, si kwa ukamilifu, bali kwa kiasi cha kutosha kuokoa fedha na taabu nyingi. Elimu yao ilianzia London, katika chuo kikuu kiitwacho University College, katika miaka ya 1970. Aliyeiongoza ni Bwana Bill Hillier, aliyefariki mwaka 2019, na pamoja naye alikuwa Bibi Julienne Hanson. Mwaka 1984 wawili hao walitoa kitabu kiitwacho The Social Logic of Space, na tangu hapo elimu hiyo imeenea katika vyuo vya nchi nyingi.

Wenyewe huiita sintaksi ya nafasi. Makarani waliosoma sarufi shuleni watalitambua neno hilo: sintaksi ni jinsi maneno yanavyopangwa katika sentensi. Chukua maneno "mbwa", "amemwuma" na "mtoto". Ukiyapanga hivi, habari ni ya kawaida; ukiyageuza, mtoto ndiye aliyeuma, na watu watakimbia kuja kusikiliza. Maneno ni yale yale, mpangilio umebadilika. Bwana Hillier aliona kwamba barabara nazo ni hivyo. Mtaa haujulikani kwa upana wake tu, wala kwa uzuri wa nyumba zake, bali kwa jinsi ulivyounganishwa na mitaa mingine yote ya mji.

Hapo ndipo alipoligeuza wazo la siku nyingi. Watu wengi wakiulizwa kwa nini barabara fulani ina watu wengi, watajibu kwamba ni kwa sababu ya maduka. Bwana Hillier alisema kwamba mara nyingi mambo huanza upande wa pili. Barabara imekaa mahali ambapo safari nyingi za mji hupitia; watu wakapita; wenye maduka, ambao si wajinga, wakawaona watu wakapanga vyumba hapo; kisha maduka yakavuta watu wengine zaidi. Maduka huongeza moto, lakini kuni za kwanza ni njia yenyewe. Maelezo hayo aliyatoa pamoja na wenzake katika makala ya mwaka 1993, na jina walilolipa jambo hilo ni mwendo wa asili, yaani mwendo uletwao na mpangilio wa njia kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote.

Sasa tuifanye hesabu yenyewe, maana si ngumu, na msomaji mwenye kalamu na karatasi anaweza kuifuata.

Fikiria mji mdogo wenye njia tano. Barabara ya Soko yapita katikati. Barabara ya Shule, Barabara ya Misheni na Barabara ya Mto zote zakutana na Barabara ya Soko, lakini hazikutani zenyewe kwa zenyewe. Njia ya tano ni Kichochoro cha Kinu, kiendacho kwenye kinu cha kusagia mahindi, nacho chaanzia Barabara ya Mto tu, mbele yake hakuna kitu ila ua. Kila njia twaihesabu kuwa mstari mmoja ulionyooka. Halafu twauliza: mtu akisimama katika mstari huu, itampasa kugeuka mara ngapi ili afike katika kila mstari mwingine?

Aliye katika Barabara ya Soko hugeuka mara moja tu kufika Shule, mara moja kufika Misheni, mara moja kufika Mto, na mara mbili kufika Kinu. Jumla ni 5. Aliye katika Kichochoro cha Kinu hugeuka mara moja kufika Mto, mara mbili kufika Soko, mara tatu kufika Shule, na mara tatu kufika Misheni. Jumla ni 9. Kwa lugha ya wataalamu, kichochoro hicho kina kina kirefu, na Barabara ya Soko ina kina kifupi. Hatua za miguu hazikupimwa hapa. Huenda kinu kikawa karibu sana na shule, ukuta na ukuta, hata mwalimu asikie mlio wa mashine akiwa darasani. Lakini kwa njia ya kupita, kiko mbali.

Haya, halmashauri ya mji yafungua njia ndogo kutoka mwisho wa Kichochoro cha Kinu hadi Barabara ya Shule. Ni kazi ya siku chache kwa watu wenye majembe. Hesabu tena. Kinu sasa chafika Mto kwa mgeuko mmoja, Shule kwa mmoja, Soko kwa miwili, Misheni kwa mitatu: jumla imeshuka kutoka 9 hadi 7. Na tazama Barabara ya Shule, ambayo hapo kwanza jumla yake ilikuwa 8: sasa ni 6. Barabara ya Misheni imebaki pale pale, 8, hata chembe haikusaidiwa. Njia moja imefunguliwa mahali pamoja, na faida imetua kwenye mtaa ambao huenda hakuna aliyekuwa akiufikiria. Kama wewe ndiwe mwenye duka katika Barabara ya Shule, umepata mali bila kujua. Kama duka lako liko Misheni, huna hasara katika hesabu, lakini jirani amekutangulia.

Mji wa kweli hauna njia tano, una maelfu. Hapo zamani wanafunzi walipiga mistari kwa mkono juu ya ramani, wakitafuta mistari michache na mirefu iwezekanavyo iliyopita katika nafasi zote za wazi, kazi ya kuchosha macho. Siku hizi kompyuta ndiyo ihesabuyo. Alasdair Turner wa chuo kikuu kile kile alitunga programu iitwayo Depthmap ambayo hutumiwa mpaka leo, na hesabu zenyewe zimeongezwa ufundi: hazihesabu tu kwamba mtu amegeuka, bali hupima amegeuka kiasi gani, maana kona kali haifanani na njia iliyopinda kidogo. Matokeo huonyeshwa kwa rangi. Mitaa yenye kina kifupi hupakwa nyekundu, yenye kina kirefu huwa buluu, na zile za katikati hupita katika manjano na kijani. Mtu akiitazama ramani hiyo auona mji kama mkono wenye mishipa.

Lakini rangi ni rangi tu, mpaka zilinganishwe na watu wenyewe. Kwa hiyo wataalamu hawa hutoka nje wakahesabu wapitao. Na katika miji mingi waliyoihesabu, mitaa myekundu ndiyo mara nyingi iliyokuwa na watu wengi, na ya buluu wachache. Si mara zote, wala si kwa kipimo sawa kila mahali. Kituo cha gari la moshi kikifunguliwa katika mtaa wa buluu, kitaumwagia watu bila kuiuliza ramani ruhusa.

Mapema katika kazi yao waliona jambo lililowahuzunisha. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, halmashauri za London zilijenga mitaa mingi mipya kwa watu wa kipato kidogo. Nia ilikuwa njema. Wachora ramani walitaka watu wapate utulivu, majirani wajuane, watoto wacheze mbali na magari. Basi mitaa ile ikageuzwa ndani kama konokono katika gamba: vijia vyembamba, ngazi, vichochoro vyenye kona nyingi, na milango mingi isiyotazama barabara ya mji. Mmoja wao, Marquess Road katika sehemu ya Islington, waliuchunguza kwa karibu. Aliyeingia humo kutoka barabarani alipinda, akapinda tena, na baada ya kona chache hakujua aliko. Hesabu ya wapitao ilionyesha kwamba vijia vya ndani vya mitaa ya namna hii hubaki vitupu hata mchana kweupe.

Hapa pana mabishano ambayo hayajaisha. Mwaka 1972 msanifu mmoja wa Marekani, Oscar Newman, alitoa kitabu kiitwacho Defensible Space, akasema kwamba usalama huja pale wenyeji wanapoona mahali ni pao, wakaweza kumtambua na kumzuia mgeni. Fungeni njia, punguzeni wapitao, na mwizi ataonekana. Hillier alisimama upande wa pili. Alisema kwamba mahali asipopita mgeni, hata mwenyeji huogopa kupita, maana akisikia vishindo vya miguu nyuma yake hajui ni vya nani; bali mahali ambapo wageni hupita mchana kutwa, huku milango na madirisha ya wenyeji yakitazama njia, wapitaji huwalinda wenyeji na wenyeji huwalinda wapitaji. Mimi nadhani wote wawili wameshika upande mmoja wa ukweli. Kijijini mgeni hupita katikati ya maboma, na usalama wake na wetu ni kwamba amepita mbele ya watu akasalimu. Apitaye nyuma ya maboma, hasalimu mtu, ndiye tunayemwulizia jioni. Lakini kijijini watu hukaa nje. Mjini, kila mtu amejifungia na televisheni yake, na dirisha lililofungwa pazia halilindi kitu.

Kazi iliyowapa sifa wataalamu hawa mbele ya watu wote ni ile ya Trafalgar Square, kiwanja kilicho katikati ya London. Wasomaji wengi wamekiona katika picha: mnara mrefu wenye sanamu ya Nelson juu yake, simba wanne wa shaba chini, na chemchemi mbili za maji. Upande wa kaskazini, juu kidogo, ni jumba kubwa la picha za taifa, National Gallery, lililofunguliwa hapo mwaka 1838. Kiwanja chenyewe kilitengenezwa katika miaka ya 1840, na kati yake na jumba lile kuliwekwa ukuta na ukumbi wa juu wa mawe, kwa kuwa ardhi yateremka.

Kufikia miaka ya 1990 kiwanja hicho kilikuwa kisiwa. Magari yalikizunguka pande zote, hata mbele ya jumba la picha. Kampuni ya wataalamu wa sintaksi ya nafasi, iliyotoka katika chuo kile, iliitwa kusaidia, pamoja na ofisi ya msanifu Norman Foster. Walisimama mahali pengi, wakahesabu na kufuata wapitao, wakatenga wenyeji na wageni. Wakaona mambo mawili. La kwanza, wenyeji wa London hawakukatiza katikati ya kiwanja. Walikizunguka kwa kupitia kandokando, ingawa njia fupi ilikuwa katikati. La pili, wageni waliokuja kutazama mji hawakufunga safari kati ya Trafalgar Square na Parliament Square, mahali penye jumba la Bunge, ingawa viwanja hivyo viwili vimeunganishwa na barabara moja tu, Whitehall, na si mbali kwa miguu.

Kwa nini wenyeji walizunguka? Ukichukua ramani wapata jibu. Ngazi za kushukia kiwanjani kutoka upande wa jumba la picha ziliwekwa pembeni, mashariki na magharibi, mahali ambapo mtu hazioni mpaka awe amezifikia. Aliyetoka kaskazini akitaka kwenda Whitehall alikuta barabara ya magari, kisha ukuta. Ilimpasa kwenda kando, kushuka, kurudi katikati, kisha kwenda kando tena ili atoke. Wenye haraka hawana subira ya namna hiyo. Basi kiwanja kilicho katikati ya mji mkubwa kikaachiwa wageni na njiwa.

Dawa iliyotolewa ilikuwa rahisi kuieleza, ingawa haikuwa rahisi kuijenga, maana ukuta wenyewe ni urithi wa kale na wenye kuulinda ni wengi. Barabara ya kaskazini, mbele ya jumba la picha, ifungwe kwa magari, iwe ya waendao kwa miguu. Na katikati ya ukuta itobolewe ngazi pana, ili mtu atokaye mlangoni mwa jumba aone moja kwa moja mbele yake kiwanja, mnara na Whitehall, na miguu yake ifuate macho yake. Kazi ikamalizika, na kiwanja kikafunguliwa tena mwezi wa Julai 2003.

Ngazi hiyo haikosi watu. Wengine hushuka, wengine hupanda, na wengine wengi wameketi tu, wakila mkate wao wa mchana na kutazama wenzao. Wenyewe walioifanya kazi hiyo wameandika kwamba watumiao kiwanja waliongezeka mara kumi na tatu. Hesabu hiyo ni yao, na mchezaji hasifiwi kwa mdomo wake mwenyewe. Tena mambo mengi yalibadilika pamoja: magari yaliondolewa upande mmoja, mkahawa ukafunguliwa chini ya ukumbi wa juu, na katika mwaka ule ule wa 2003 kulisha njiwa kiwanjani kulikatazwa. Nani awezaye kusema ni wangapi walioletwa na ngazi na wangapi walioletwa na kuondoka kwa njiwa? Hata hivyo, kwamba watu sasa hukatiza mahali ambapo zamani walizunguka, hilo halina ubishi. Nusu ya pili ya mpango, iliyohusu Parliament Square, haikufanywa. Meya mpya, Boris Johnson, aliifuta mwaka 2008 kwa kuhofia msongamano wa magari na gharama. Kipimo huonyesha, mwenye mamlaka ndiye aamuaye.

Wako pia wasomi wanaoipinga elimu hii. Mwaka 2004 Carlo Ratti aliandika kwamba ramani ya mistari husahau mambo ambayo kila mtu ayaona: haijui kama nyumba kando ya njia ni ya ghorofa moja au thelathini, wala kama ndani yake mna ofisi au maghala matupu, wala haipimi urefu wa safari kwa mita. Alionyesha pia kwamba kusogeza mitaa kidogo tu kwaweza kubadilisha mistari na kugeuza hesabu ghafula. Hillier na mwenzake Alan Penn walimjibu mwaka ule ule. Mimi nasema kipimo cha mvua hakisemi mahindi yatakuwa mangapi, maana iko pia mbolea, mbegu na viwavi; lakini mkulima hakitupi kwa sababu hiyo.

Kazi hii imefika pia Uarabuni. Katika mji wa Jeddah kuna mitaa mingi iliyojengwa na watu wenyewe bila ramani ya serikali, mingine ikiwa karibu na katikati ya mji. Wataalamu walipoipima waliona kwamba ndani yake mitaa hiyo ina mpangilio wake unaofaa, lakini imeunganishwa vibaya na barabara kubwa zinazoizunguka. Shauri lao likawa kwamba pafunguliwe njia chache mahali palipochaguliwa vizuri, zipenye kutoka barabara kubwa hadi moyo wa mtaa, badala ya kubomoa yote. Jambo hili litawagusa wasomaji wengi wa miji yetu, maana kwa mwenye nyumba ya mabati tofauti kati ya njia moja na tingatinga ni kubwa mno.

Tukirudi nyumbani, Nairobi ni mji unaofundisha sana mtu akiutazama kwa jicho hili. Ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na serikali ya kikoloni ikaugawa kwa rangi za watu: Wazungu magharibi na kaskazini, Wahindi mahali pao, na Waafrika mashariki. Mgawanyo ule haukuhitaji ukuta. Ulitosheka na reli, mto, eneo la viwanda, na barabara chache za kupitia. Kisha mwaka 1948 ukatolewa mpango mkubwa wa mji, uliotungwa na wataalamu watatu kutoka Afrika ya Kusini, Thornton White, Silberman na Anderson, nao ulipendekeza mitaa ya ujirani, kila mmoja ukitazama ndani, ukiwa na shule na maduka yake katikati, na barabara kubwa zikipita nje. Wazo hilo lilitoka katika elimu ile ile iliyokuwa ikitumika Ulaya na Marekani wakati ule. Sheria za ubaguzi zimeondoka zamani. Lakini reli iko pale pale, na vivuko vyake ni vichache. Mtu akaaye upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili angali akizunguka mzunguko uliochorwa kabla babu yake hajapata kura.

Tazama kwa upande wa pili Eastleigh. Mitaa yake ilichorwa tangu mwanzo wa karne iliyopita kwa mistari iliyonyooka ikipitana, kila njia ikiangukia nyingine, bila mwisho uliozibwa. Tangu miaka ya 1990 biashara imefurika humo hata watu wa nchi jirani huja kununua. Haitakuwa haki kusema kwamba mistari ndiyo iliyofanya biashara. Iliyoifanya ni watu, wengi wao Wasomali waliokimbia vita, kwa mitaji yao, ujuzi wao na kuaminiana kwao. Lakini biashara ile ilipokuja ilikuta mitaa ambayo kila pembe yake yafaa kuwa duka. Nani angeweza kuijenga ndani ya vichochoro vya Marquess Road?

Lakini jambo lililo zito kuliko maduka ni maisha ya watu. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa mwaka 2012, pana sana, nayo ilipunguza safari za magari kwa wakati. Madaraja ya waendao kwa miguu yalijengwa juu yake, na bado watu walivuka chini, mbele ya magari, na wengine walikufa. Askari waliwakamata, magazeti yakawaita wakaidi. Basi tumfanyie mvukaji huyo hesabu yetu. Ametoka nyumbani kwa njia inyookayo hadi ukingoni mwa barabara, na kituo cha matatu akiona mbele yake ng'ambo. Daraja liko mbali kando. Ageuke, atembee, ageuke apande, ageuke avuke, ageuke ashuke, ageuke arudi nyuma umbali ule ule. Migeuko mitano, mahali ambapo macho yake yamwambia hakuna hata mmoja. Afanyalo si jambo la busara, na mimi simtetei; lakini wakivuka chini watu elfu mahali pale pale kila siku, hapo si ukaidi wa mtu tena. Mahali wanapovuka ndipo daraja lilipotakiwa kuwekwa, au ndipo magari yalipotakiwa kusimamishwa.

Vivyo hivyo barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, yaunganisha uwanja wa ndege na katikati ya mji kwa wenye magari na fedha ya kulipia. Kwa ramani ya magari ni mstari mwekundu sana. Kwa ramani ya miguu, kila mahali nguzo na kingo zake zilipofunga kivuko cha zamani, pana mtaa mmoja uliozidi kuwa wa buluu. Ramani hizo mbili hazipatani, na yafaa ijulikane ni ipi iliyowekwa mezani siku ya kuamua, maana mjini Nairobi watu wengi mno huenda kazini kwa miguu.

Kwa halmashauri ndogo isiyo na kompyuta wala fedha za kuita wataalamu, sehemu ya kazi hii yaweza kufanywa kwa saa, daftari na vijana wawili wa kidato cha nne. Wataalamu wa London huiita hesabu ya malango. Mhesabu husimama kando ya njia, akawaza mstari unaokata njia ile kutoka ukuta hadi ukuta, akahesabu kila mtu auvukaye kwa dakika tano, asimuache mtoto wala mwenye mkokoteni. Kisha aenda lango la pili, na la tatu, mpaka amalize mji, akarudia asubuhi, adhuhuri na jioni. Ifanywe siku ya kazi na siku ya gulio, na tena wakati wa masika, kwa kuwa njia nyingi za kiangazi hugeuka matope na watu wakapita kwingine. Hesabu zikiandikwa juu ya ramani, mahali pa soko hujionyesha. Na zihifadhiwe katika faili la ofisi, zirudiwe mwaka mmoja baada ya soko kufunguliwa, malango yale yale, saa zile zile.